Farasi wa vitani walikufa kwa njaa kuliko risasi

Wadau, juzi Jumapili tulikuwa kwa jamaa mmoja tunaangalia sinema ya vita vya zamani, zile za Wazungu wenye kofia za manyoya na panga mkononi. Farasi kwa mamia wanatoka shoti tangu mwanzo wa uwanja mpaka mwisho, vumbi linatimka, mizinga inalia, staa anafika mbele hana hata jasho. Masaa mawili na nusu sikuona farasi hata mmoja akila. Wala akinywa maji. Nikauliza, hivi hawa farasi wanajaziwa mafuta sheli gani? Watu wakacheka. Lakini dogo mmoja pale akauliza swali la maana kuliko langu: mbona historia yetu imejaa vita, vya Mirambo, vya Abushiri, vya Mkwawa, na hakuna hata mahali pamoja panapotajwa jeshi la farasi? Wenzetu walikuwa nao, sisi tulikuwa hatujui kupanda au?

Maswali haya mawili yana jibu moja, na ndilo nataka kuliweka hapa. Litachukua muda kidogo kwa sababu itabidi tupite Urusi, Crimea, Marekani na Afrika Kusini kabla hatujarudi nyumbani. Kama umelipia nusu saa tu, anza kusoma sasa hivi.

Tuanze na kazi yenyewe. Karne ya 19 ilipoanza hapakuwa na gari, redio wala ndege. Jemadari aliyetaka kujua adui yuko wapi alituma watu wenye farasi wakaangalie. Aliyetaka amri yake ifike upande wa pili wa uwanja alimpa kijana mwenye farasi mwepesi. Na adui akishavunjika na kuanza kukimbia, waliomfukuza usiku kucha asipate nafasi ya kujipanga tena ni hao hao wa farasi. Kwenye sinema tunaonyeshwa ile shambulio moja la panga, lakini kwa askari wa farasi siku ya namna hiyo ilikuwa adimu. Siku nyingi alikuwa mlinzi, mpelelezi na tarishi.

Majeshi ya Ulaya yaliwagawa makundi mawili. Kuna wazito, watu wakubwa juu ya farasi wakubwa, wengine wamevaa bamba la chuma kifuani, hao wamewekwa kwa ajili ya kugonga. Na kuna wepesi, wenye farasi wadogo, kazi yao kuzunguka mbali, kuchungulia na kusumbua. Wengine walibeba mkuki mrefu, wengine upanga uliopinda, wengine bunduki fupi.

Na lile shambulio halikuwa mbio za shoti tangu mwanzo kama tulivyoona Jumapili. Ungefanya hivyo farasi wangefika wamekata pumzi na wametawanyika kama abiria wanaogombea daladala. Walianza kwa kutembea, magoti ya wapandaji yanakaribia kugusana. Kisha mchakamchaka. Kisha mbio. Shoti kamili iliachwa kwa mita hamsini au mia za mwisho. Nguvu yake ilikuwa kwenye ule ukuta, wala sio kwenye upanga. Ukiwa umesimama na bunduki inayochukua sekunde ishirini kujaza risasi, ukaona ukuta wa wanyama wenye kilo mia nne hamsini hadi mia tano kila mmoja unakujia, miguu inakuambia ukimbie. Ukikimbia tu umekwisha.

Asiyekimbia je? Hapo ndipo farasi mwenyewe alipokuwa na kauli. Tarehe 18 Juni 1815 pale Waterloo, Marshal Ney wa Ufaransa alipeleka maelfu ya wapanda farasi, mara moja, mbili, tatu na zaidi, dhidi ya askari wa miguu wa Wellington waliojipanga kwa miraba, singe zimeelekezwa nje pande zote nne. Farasi wakafika, wakaona ule mchongoma wa vyuma, wakakata kona. Mpandaji anaweza kuwa tayari kufa kwa ajili ya mfalme wake, lakini farasi hana mfalme. Walizunguka miraba kama maji yanavyozunguka mawe, wakipigwa risasi, na hakuna mraba uliovunjika kwa mashambulio yale. Kwa taarifa yenu, Wellington mwenyewe siku hiyo alikaa juu ya farasi wake, Copenhagen, tangu asubuhi hadi usiku. Inasimuliwa kwamba aliposhuka akampigapiga kwa upendo, na yule farasi akamrushia teke lililokosa kichwa chake kidogo tu. Namuelewa kabisa.

Haya, sasa twende kwenye mafuta.

Farasi wa jeshi alibeba mtu, tandiko, silaha, blanketi, chakula na makorokoro mengine, jumla kilo mia na kitu, na kwa wale wazito zaidi ya 120. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861 hadi 1865), jeshi la serikali lilikuwa na kiwango rasmi cha chakula cha farasi mmoja kwa siku: ratili 14 za majani makavu na ratili 12 za nafaka. Weka kwenye kilo, ni karibu kilo 12. Chukua rejimenti moja yenye farasi 600, unapata tani saba. Kila siku ya Mungu, iwe kuna vita au hakuna. Hiyo ni Fuso imejaa, na kwa jinsi majani yanavyojaza nafasi hata Fuso moja haitoshi. Bado maji, ndoo kadhaa kwa kila mnyama. Halafu kumbuka hakukuwa na Fuso. Mzigo huo ulivutwa na mikokoteni, mikokoteni ilivutwa na farasi na nyumbu (sio wale wa Serengeti, nasema nyumbu aliyezaliwa na punda dume na farasi jike), na hao nao wanakula. Kadiri unavyosogea mbali na ghala ndivyo wavutaji wanavyokula kile wanachokivuta.

Kwa hiyo majemadari walitegemea mashamba na majani ya njiani. Ndiyo maana vita vikubwa vya Ulaya mara nyingi vilisubiri majani yaote. Na hapo ndipo farasi anapokuwa mgumu kuliko ng'ombe. Ng'ombe anacheua. Farasi ana tumbo dogo kwa mwili wake, lazima ale kidogo kidogo masaa mengi ya siku, na kitu ambacho mimi kilinishangaza, farasi hawezi kutapika. Akila kitu kibaya au akivimbiwa, kilichoingia hakirudi. Tumbo linajisokota, anajitupa chini, anakufa.

Napoleon aliyajua yote haya, na bado yakamshinda. Tarehe 24 Juni 1812 alianza kuvuka mto Niemen kuingia Urusi akiwa na jeshi ambalo Ulaya ilikuwa haijawahi kuliona kwa ukubwa, likiwa na farasi wanaokadiriwa kati ya laki moja na nusu na laki mbili, ukihesabu wa kupanda, wa mizinga na wa mikokoteni. Alikuwa amesubiri mpaka Juni makusudi ili majani yawepo. Lakini mikokoteni ikabaki nyuma, farasi wakalishwa nafaka mbichi zilizokatwa mashambani, ikaja mvua kubwa ya baridi, na wakaanza kufa kwa maelfu. Ndani ya wiki za kwanza! Warusi walikuwa bado wanarudi nyuma, vita kubwa hata moja haijapiganwa, na barabara tayari inanuka mizoga.

Aliyeongoza wapanda farasi alikuwa Murat, shemeji yake Napoleon, mtu shujaa ajabu na mpenda mavazi ya kung'aa, ila kwa kutunza wanyama alikuwa sifuri. Farasi walikaa na matandiko mgongoni tangu alfajiri hadi usiku, wakisongamana sehemu moja ambako majani yameisha siku ya kwanza. Inasemekana aliposhangaa kwa nini shambulio limelegea, Jenerali Nansouty alimjibu kwamba askari wanaweza kusonga mbele bila mkate kwa kuipenda nchi yao, lakini farasi bila nafaka hawana uzalendo huo.

Kuna kitu kingine kidogo sana, viatu. Farasi wa jeshi anapigiliwa viatu vya chuma kwenye kwato. Kwenye barafu kiatu laini ni sawa na wewe kutembea na kandambili juu ya vigae vyenye sabuni. Inatakiwa kiatu chenye meno. Caulaincourt, aliyesimamia mazizi ya Napoleon na aliyewahi kuwa balozi Urusi, aliijua baridi ya kule, akahakikisha farasi wa mazizi ya mfalme wametengenezewa viatu vya barafu. Jeshi lenyewe halikuwa navyo. Kuanzia Novemba farasi wa mizinga walikuwa wanateleza kila kilima, wanaanguka, hawainuki, na mzinga unaachwa hapo hapo. Askari wenye njaa wanawakata nyama kabla hawajapoa. Kabla Novemba haijaisha Napoleon aliunda kikosi cha maafisa waliobakiwa na farasi ili wamlinde: majenerali wakafanya kazi ya makapteni, makanali wakafanya kazi ya masajini. Hebu fikiria hiyo. Jeshi limeishiwa farasi mpaka jenerali anapewa kazi ya kapteni kwa sababu tu ana mnyama anayesimama.

Nyuma yao walikuwa Wakosaki wa Urusi, juu ya farasi wadogo wenye manyoya marefu ambao askari wa gwaride wangewacheka. Farasi hawa walizoea kufukua theluji kwa kwato wakatafuta majani chini yake. Kwenye maonyesho ya Paris wasingepata hata nafasi ya kumi. Kwenye barabara ya Smolensk ndio walikuwa wafalme.

Sasa hapa ndipo watu wengi husimulia kwamba Napoleon alishindwa na baridi, wakafunga kitabu. Subiri. Mwaka uliofuata, 1813, aliunda jeshi jipya kwa haraka ya kutisha. Vijana wakapatikana, bunduki zikapatikana, mizinga ikayeyushwa na kumiminwa upya. Akashinda Lützen mwezi Mei, akashinda tena Bautzen mwezi huo huo. Na mara zote mbili adui akaondoka zake salama, kwa utaratibu, kwa sababu hakukuwa na wapanda farasi wa kutosha wa kumfukuza. Kijana wa miaka kumi na nane unaweza kumfundisha bunduki kwa wiki chache. Farasi anaanza kazi ya jeshi akiwa na miaka minne au zaidi, na mafunzo juu yake. Wale waliokufa njiani kwenda Moscow hawakuwa na mbadala kwenye soko lolote. Mwezi Juni akakubali kusimamisha vita, na uhaba wa wapanda farasi ulikuwa mojawapo ya sababu zake. Oktoba akapigwa Leipzig. Mimi siku hizi nikisikia mtu anasema Napoleon aliangushwa na theluji nauliza, na farasi wake je?

Waingereza walikuwa na miaka arobaini ya kujifunza somo hilo. Hawakujifunza. Tarehe 25 Oktoba 1854 huko Balaklava, Crimea, lilitokea lile shambulio maarufu la kikosi chepesi. Amri iliyoandikwa kwa utata, maafisa wenye kununiana, na wapanda farasi wapatao 670 wakaingia kwenye bonde lenye mizinga ya Warusi mbele, kushoto na kulia. Waliuawa watu 110 hivi, na farasi zaidi ya 300. Kila mtu anaijua habari hiyo, ina mashairi na michoro.

Ambayo haina mchoro ni miezi iliyofuata. Farasi waliopona waliwekwa kambini juu ya kilima, umbali wa kama kilomita kumi tu kutoka bandari ya Balaklava ambako meli zilileta shehena. Kilomita kumi! Barabara ikageuka tope, mikokoteni haikuwepo ya kutosha, dhoruba ya tarehe 14 Novemba ikazamisha meli. Farasi wakasimama kwenye upepo, wamefungwa, tope hadi magotini, hawana majani. Wakaanza kutafuna kamba. Wakatafuna matandiko. Mwisho wakatafunana manyoya ya shingo na mikia mpaka wakabaki vipara. Bwana mkubwa wao, Lord Cardigan, alikuwa akilala kwenye mashua yake ya kifahari bandarini. Serikali ya Uingereza ilituma tume ya Sir John McNeill na Kanali Tulloch mwaka 1855 kuchunguza ilikuwaje, na ripoti yao iliwakasirisha wakubwa wengi. Mizinga ya Warusi ilichukua dakika ishirini hivi. Njaa ilichukua msimu mzima na haikuacha kitu.

Marekani kidogo. Huko vita vya 1861 hadi 1865 viliua farasi na nyumbu wanaokadiriwa kuzidi milioni moja. Jeshi la Kaskazini lilianza vibaya kama wengine: wafanyabiashara wanaliuzia serikali farasi vipofu na wagonjwa (tenda za serikali ni zile zile dunia nzima, karne yoyote), na askari waliotoka mjini hawajui hata kukaza mkanda wa tandiko. Mwaka 1863 wakaanzisha idara maalum ya farasi, na wakajenga zizi kubwa la kijeshi Giesboro, jirani na Washington, la kupokea farasi mpaka elfu thelathini. Pale farasi mchovu analetwa, anapumzishwa, anatibiwa, akipona anarudi kazini. Ndiyo, gereji. Lakini hata hapo kukusanya wanyama wengi sehemu moja kulileta balaa lingine, ule ugonjwa wa kutokwa makamasi na vidonda puani ambao unaambukiza mpaka binadamu. Hauna dawa ya siku hizo. Mgonjwa anapigwa risasi na jeshi lake mwenyewe.

Na tandiko, tandiko! Hili naomba nikae nalo kidogo. Mliokulia vijijini mmeshaona mgongo wa punda aliyefungwa mzigo vibaya, lile donda bichi lenye inzi. Farasi wa jeshi alipata hilo hilo. Blanketi likijikunja kidogo, mpandaji akikaa upande kwa uchovu, akisinzia juu ya tandiko, jioni ngozi imechubuka, kesho kutwa ni donda, wiki ijayo farasi hafai na mpandaji anatembea kwa miguu na tandiko begani. Kwa sababu hiyo jeshi la Marekani lilipokea mwaka 1859 tandiko la McClellan, lililoachwa uwazi katikati ili uti wa mgongo usiguswe. Majeshi yenye akili yaliamuru askari ashuke na kutembea kando ya farasi sehemu ya kila safari, hata kama hajachoka. Wapiganaji waliodharau amri hiyo wakiona ni ya kike, waliishia kutembea safari nzima.

Likitunzwa, jeshi la farasi lilifanya makubwa. Aprili na Mei 1863 Kanali Grierson alitoka Tennessee na watu 1,700, akapita katikati ya nchi ya adui akibomoa reli na kukata nyaya za simu za maandishi, akatokea Baton Rouge baada ya siku kumi na sita na kama kilomita 960. Huyo Grierson kabla ya vita alikuwa mwalimu wa muziki na inasemekana hakuwapenda farasi kwa sababu mmoja alimpiga teke la uso utotoni. Kumbe si lazima umpende, mlishe tu.

Wakati huo huo bunduki zilikuwa zinabadilika. Bunduki mpya zenye mistari ndani ya mtutu zilipiga mbali na kulenga vizuri, kwa hiyo ule ukuta wa farasi ukaanza kupigwa tangu mita mia kadhaa badala ya themanini. Tarehe 16 Agosti 1870, Mars-la-Tour, wapanda farasi 800 wa Jenerali Bredow wa Prussia walivunja mizinga ya Wafaransa, wakafaulu, na karibu nusu yao hawakurudi. Majemadari wa kizamani waliishika mfano huo kwa miaka arobaini wakisema mnaona, bado inawezekana. Omdurman, Sudan, tarehe 2 Septemba 1898, kikosi cha 21st Lancers kilichokuwa na kijana aitwaye Winston Churchill kilishambulia wapiganaji wa Khalifa waliojificha kwenye korongo. Mapigano yalichukua dakika mbili tatu, wapandaji hawakufika 400, na farasi 119 waliuawa au kujeruhiwa. Vita yenyewe iliamuliwa na mizinga, bombomu za Maxim na bunduki. Ule mchezo wa farasi ulipata nafasi kwenye magazeti tu.

Tunashuka Afrika Kusini, na hapa ndipo hesabu inatisha kuliko zote. Vita vya Waingereza na Makaburu vilianza Oktoba 1899 vikaisha Mei 1902. Uwanja mpana, adui wote wako juu ya farasi, kwa hiyo Mwingereza naye akahitaji farasi, wengi, haraka. Wakanunuliwa Argentina, Marekani, Hungary, Australia, popote. Farasi anakaa melini wiki kadhaa amesimama, hana pa kujinyoosha. Anashushwa bandarini miguu inatetemeka, anapakiwa kwenye behewa, na siku chache baadaye ana kilo 120 mgongoni na majani asiyoyajua mdomoni. Wataalamu walilia kwamba wapewe angalau wiki kadhaa za kuzoea. Wakuu wakasema vita haisubiri.

Februari 1900 Jenerali French alipelekwa na wapanda farasi wapatao 5,000 kwenda kuukomboa mji wa Kimberley uliozingirwa. Siku nne, jua la kiangazi, maji ya kubahatisha. Tarehe 15 walipita shoti katikati ya mistari ya Makaburu pale Klip Drift, na waliouawa kwa risasi walikuwa wachache mno, wa kuhesabu kwa vidole. Mji ukakombolewa, London ikashangilia. Lakini siku mbili baadaye French alipotakiwa kwenda kumzuia Jenerali Cronje, wenye farasi waliojiweza walikuwa kama theluthi moja tu. Wengine walikuwa wamekufa au wamesimama kichwa chini hawasogei. Jua, kiu na uzito vilifanya kile ambacho Mauser za Makaburu hazikufanya.

Mpaka vita vinaisha Waingereza walikuwa wamepoteza farasi zaidi ya laki tatu kati ya laki tano na kitu walioletwa. Inakadiriwa farasi aliyeshushwa Port Elizabeth aliishi wastani wa wiki sita. Wiki sita! Mwaka 1905 mji huo, ambao leo unaitwa Gqeberha, uliwekewa sanamu ya kumbukumbu: farasi, na mbele yake askari amepiga magoti anamnywesha ndoo ya maji. Mwaka 2015, wakati ule wa fujo za kuangusha sanamu za wakoloni, huyo askari aliangushwa. Farasi alibaki amesimama.

Makaburu wao walikuwa na siri moja, na hapa naanza kurudi kwenye swali la dogo. Kusini mwa Afrika kuna ugonjwa wa farasi unaoenezwa na vijidudu vidogo vinavyouma usiku, zaidi msimu wa mvua. Mapafu yanajaa maji, povu linatoka puani, asubuhi amekufa. Mwaka 1854 na 1855 ulipita Cape ukaua farasi kama elfu sabini, zaidi ya thuluthi moja ya farasi wote wa koloni. Aliyeugua akapona aliuzwa bei kubwa kwa sababu anaweza kuishi msimu mwingine. Kaburu alijua maeneo gani na miezi gani ya kuepuka, na wengi walipanda vile vifarasi vya Lesotho vilivyozaliwa na kukulia milimani. Huo ndio ushujaa wenyewe, kujua nyanda zako.

Sisi huku tulikuwa na ugonjwa huo, na juu yake tukawa na mbung'o. Daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alithibitisha miaka ya 1890 huko Zululand kwamba mbung'o ndiye anayewabebea ng'ombe na farasi vijidudu vya nagana, lakini wafugaji wetu hawakumsubiri Bruce kujua pori gani la kutopitisha mifugo. Farasi hana kinga. Mwaka 1871 Stanley alitoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone akiwa na farasi wawili wazuri. Walikufa wote wawili mwanzoni kabisa mwa safari, hata Morogoro haijaonekana. Aliyefika Ujiji ni mpagazi.

Kwa hiyo dogo, hakuna aliyeshindwa kupanda. Afrika palipo na majani bila mbung'o farasi walikuwepo: Sokoto ilijengwa na wapanda farasi, na Waoromo wa Ethiopia ndio waliowafukuza Waitalia baada ya Adwa mwaka 1896. Mirambo angeletewa farasi elfu moja Urambo, angebaki na ngozi elfu moja.

Aliyekataa kuamini ni mzungu. Mwaka 1916, Vita ya Kwanza ya Dunia, jeshi la Smuts liliingia huku kwetu na maelfu ya farasi kutoka kusini, mbinu ile ile ya Afrika Kusini. Aprili, masika, Van Deventer alikimbiza wapanda farasi wake kutoka upande wa Arusha mpaka Kondoa Irangi. Mji akaupata. Farasi walikuwa wamelala kando ya njia yote, wa ugonjwa, wa tope, wa njaa, na waliobaki hawakufaa kuendelea. Wakaletwa wengine, wakafa. Wakaletwa nyumbu, punda na ng'ombe, mbung'o akawamaliza. Mzigo ukabaki chini, na vita bado vinaendelea.

Ndipo wakachukuliwa watu. Mamia ya maelfu, wengine kwa mshahara, wengi kwa nguvu, wabebe unga na risasi mahali ambapo farasi ameshindwa, nao wakafa kwa makumi ya maelfu kwa sababu zile zile, posho ndogo, maji mabaya, ugonjwa, uchovu. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Kambi yao Dar es Salaam ilikuwa pale unaposhuka daladala kila siku kwenda kununua viatu, na midomo ya watu ikaliweka jina hilo vizuri zaidi: Kariakoo.